Mfungaji Si Timu Nzima
Na Karani wa Timu, Kidato cha Tatu

Ukipita uwanjani kwetu siku ya mechi utanikuta nimeketi kwenye benchi karibu na mstari, jua likinichoma utosini, daftari la miraba likiwa magotini. Mimi si mchezaji. Nina pumu, na vumbi jekundu la uwanja wetu halinipendi. Lakini mpira naupenda, kwa hivyo mwalimu wa michezo alinipa kazi ya ukarani: kuandika nani kacheza, nani kafunga na nani kaonyeshwa kadi. Wenzangu huniita Karani, na nafikiri walimu wengine wamekwisha kulisahau jina langu la rejista.

Makala haya yametokana na swali nililoulizwa muhula wa kwanza. Timu yetu ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya kaunti ndogo. Wachezaji walikuwa 24 na nafasi zilikuwa 18. Mwalimu alikuwa akipunguza majina mmoja mmoja, na alipofika kwa namba sita wetu, yule kiungo mkabaji, akasita na peni mkononi.

"Huyu amecheza mechi 9 na hajafunga hata bao moja," akasema. "Hata pasi ya bao sioni. Karani, anatusaidia nini?"

"Mwalimu, bila yeye tunafungwa," nikajibu.

"Hiyo ni maneno tu. Nionyeshe kwenye daftari." Akanipa mpaka Ijumaa.

Kabla sijaendelea, heri niseme ukweli. Namba sita ni rafiki yangu. Jioni tunatoka shuleni pamoja, tunapita soko la Fig Tree, tunabishana kuhusu mpira mpaka stejini. Nilitaka sana aingie katika orodha ile. Kumbuka jambo hilo unaposoma, maana mimi mwenyewe nililisahau.

Swali la mwalimu laonekana rahisi, kumbe limewasumbua watu wazima wenye shahada zao kwa zaidi ya miaka 70. Katika mchezo wa watu 11, utajuaje mmoja wao ameleta kiasi gani cha matokeo? Katika mbio hakuna taabu. Mkimbiaji akifika, saa husema yote. Lakini mpira ni kama sufuria ya githeri. Ukila ukaiona tamu, utamsifu nani? Mahindi, maharagwe, chumvi, au yule aliyekaa akichochea moto?

HESABU YA KWANZA: MABAO

Kila mtu huanza na mabao, na si ajabu, kwa sababu bao huonekana. Wazazi wetu waliofuatilia mechi redioni, wakimsikiliza marehemu Leonard Mambo Mbotela akitangaza, walilishika jina la mfungaji kabla ya kujua mpira ulianzia wapi. Mfungaji ndiye anayebebwa mabegani na ndiye anayekumbukwa.

Wala sisemi kwamba mfungaji si kitu. Bila bao hakuna ushindi. Ila hebu tutazame Harambee Stars katika michuano ya CHAN, ya wachezaji wanaosakata ligi za nyumbani, iliyochezwa Agosti 2025 Kenya ikiwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Pale Kasarani, Kenya iliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, ikatoka sare 1-1 na Angola, ikaichapa Morocco 1-0, kisha ikaipiga Zambia 1-0. Hayo ni mabao 4 katika mechi 4, na yalituletea pointi 10 na uongozi wa kundi.

Ukihesabu mabao peke yake, kazi yote ilifanywa na watu wawili: Austin Odhiambo aliyefunga mawili na Ryan Ogam aliyefunga mawili. Wale wengine je, walikuwa watalii? Katika mechi hizo 4 tulifungwa bao 1 tu. Siku ya Morocco, Chrispine Erambo alionyeshwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kipindi chote cha pili watu 10 wakalilinda bao lile moja kana kwamba ni yai. Sasa fanya hesabu hii. Katika mechi 3 tulizoshinda tulipata pointi 9. Kama katika kila moja tungefungwa bao moja tu, tungetoka sare zote tatu na pointi 9 zingekuwa 3. Odhiambo na Ogam wangekuwa na mabao yale yale, lakini nchi nzima isingekuwa barabarani ikishangilia.

Basi hesabu ya mabao hupima kazi ya kufunga. Kazi ya kutofungwa haina nafasi humo.

BAO MOJA SI SAWA NA BAO JINGINE

Hata mabao yenyewe hayalingani. Tumchukue Michael Olunga, ambaye hakuna Mkenya asiyemjua. Tarehe 24 Novemba 2019, akiichezea Kashiwa Reysol katika ligi ya daraja la pili ya Japani, Olunga alifunga mabao 8 katika mechi moja. Nane! Kashiwa waliilima Kyoto Sanga 13-1. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilidhani ni mchezo wa kompyuta.

Lakini uliza swali la karani: mabao hayo 8 yalileta pointi ngapi? Tatu. Wangeshinda 1-0 wangepata tatu zile zile. Yafute yote 8 na Kashiwa bado wanashinda 5-1. Isitoshe, ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu na walikuwa wamekwisha kupanda daraja.

Sasa linganisha na bao lake moja la miezi mitano kabla ya hapo. Tarehe 27 Juni 2019, mjini Cairo, Kenya ilikutana na Tanzania katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Simon Msuva akatufunga mapema, Olunga akasawazisha. Mbwana Samatta akatufunga tena, Johanna Omolo akasawazisha kipindi cha pili. Ikawa 2-2. Dakika ya 80, Olunga akazifumania nyavu mara ya pili na Kenya ikashinda 3-2. Bila bao hilo tungepata pointi 1. Kwa bao hilo tulipata 3. Hivyo bao lile moja lilikuwa na thamani ya pointi 2, na ndilo lililotupa ushindi wetu wa pekee katika michuano ile.

Wazee wanaoipenda Gor Mahia wana mfano mtamu zaidi. Mwaka 1987 Gor walicheza fainali ya Kombe la Nelson Mandela, yaani kombe la washindi wa makombe barani Afrika, dhidi ya Esperance ya Tunisia. Kule Tunis walitoka 2-2, hapa Nairobi wakatoka 1-1. Hawakushinda hata mechi moja ya fainali, lakini kombe likaja Kenya, kwa kuwa sheria ya wakati ule ililipa bao la ugenini uzito zaidi. Mabao mawili ya Tunis yalikuwa kombe zima.

Kwa hivyo njia ya pili ni kulipa kila bao uzito wake. Unaliondoa, unatazama matokeo yangekuwaje, unahesabu pointi ambazo zingepotea. Nikafanya hivyo katika daftari langu. Straika wetu wa kwanza akabaki juu. Straika wa pili alikuwa na mabao 3, lakini yote aliyafunga siku tuliyoshinda 6-0. Niliyafuta, tukabaki na 3-0 na pointi zile zile. Kando ya jina lake nikaandika sifuri, tena nikaipigia mstari. Nilijiona nimegundua jambo kubwa. Naomba uikumbuke sifuri hiyo.

Kwa rafiki yangu, njia hii haikufaa kitu. Hakuwa na bao la kufuta. Naye alipata sifuri.

PAMOJA NAYE, BILA YEYE

Njia ya tatu haimtazami mchezaji amegusa nini. Inaitazama timu: inapata pointi ngapi anapokuwepo na ngapi asipokuwepo.

Mfano mashuhuri ni wa N'Golo Kanté wa Ufaransa. Msimu wa 2015/16 alikuwa Leicester City, nao wakapata pointi 81 na kutwaa ligi ya Uingereza huku dunia nzima ikishangaa. Kisha akahamia Chelsea. Msimu uliofuata, Leicester waliporomoka hadi pointi 44 na nafasi ya 12. Chelsea, ambao walikuwa wamepata pointi 50, walipanda hadi 93 na kulitwaa kombe. Na Kanté mwenyewe alifunga mabao mangapi ya ligi? Moja msimu wa kwanza, moja msimu wa pili. Mtu wa kuhesabu mabao angempita kama mzigo uliosahauliwa stejini.

Na sisi tunaye wetu. Victor Wanyama, kijana aliyekulia Muthurwa, hatua chache tu kutoka hapa Ngara, alijiunga na Tottenham mwaka 2016. Msimu uliotangulia timu hiyo ilifungwa mabao 35 na kupata pointi 70. Msimu wa 2016/17, Wanyama akicheza mechi 36 kati ya 38, walifungwa mabao 26, machache kuliko timu yoyote ya ligi ile, na wakapata pointi 86.

Nikalikimbilia daftari langu kama mtu aliyeona noti barabarani. Tulikuwa tumecheza mechi 14. Katika mechi 9 alizocheza namba sita tulishinda 5, tukatoka sare 3, tukapoteza 1. Hizo ni pointi 18, yaani pointi 2 kwa kila mechi, na mabao tuliyofungwa ni 6. Katika mechi 5 alizokosa tulishinda 1, tukatoka sare 1, tukapoteza 3. Hizo ni pointi 4, yaani 0.8 kwa mechi, na tulifungwa mabao 11.

Moyo uliniruka. Hapo ndipo penyewe! Nikachukua peni nyekundu.

MWALIMU WA HISABATI AHARIBU SHEREHE

Alhamisi nilimpelekea mwalimu wa Hisabati hesabu zangu ili azikague, nikitarajia sifa. Akazisoma, akavua miwani, akaniuliza maswali mawili tu: "Hizo mechi 5 alizokosa, mlicheza na nani? Na nani mwingine hakuwepo?"

Nikaduwaa. Namba sita hukosa mechi nyingine za Jumamosi kwa sababu humsaidia mama yake kibandani. Na Jumamosi ndizo siku ambazo tulikutana na zile shule kubwa za mabweni, ambazo wachezaji wao wanakula vizuri na wana viatu vya njumu miguuni wote. Mechi za katikati ya wiki ni dhidi ya majirani zetu wa kutwa. Basi kumbe sikuwa nimepima mechi bila namba sita. Nilikuwa nimepima mechi ngumu! Zaidi ya hayo, katika mechi 2 kati ya hizo kipa wetu wa kwanza alikuwa ameteguka kidole.

Mwalimu akanieleza kwamba hata hesabu ya Kanté ina shimo hilo hilo. Chelsea walipompata Kanté walimpata pia kocha mpya, Antonio Conte, na msimu huo hawakuwa na mechi za Ulaya za kuwachosha. Leicester nao walikuwa na mzigo wa Ligi ya Mabingwa ambao hawakuwahi kuubeba. Kanté alisaidia, hilo halina ubishi, lakini si haki kumwandikia pointi zote 43 zilizoongezeka.

"Linganisha vinavyolingana," akaniambia. Nikatafuta timu ambazo tulikutana nazo mara mbili, mara moja namba sita akiwepo na mara moja asipokuwepo. Nikapata timu 3. Akiwepo tulishinda 1 na kutoka sare 2, pointi 5. Asipokuwepo tulitoka sare 1 na kupoteza 2, pointi 1. Vizuri. Lakini kipa alikosekana katika mechi 2 kati ya hizo 3 za kukosekana kwake. Nilipoziondoa nikabaki na jozi moja ya mechi. Jozi moja si ushahidi, ni bahati nasibu.

Usiku huo nilikaa na daftari mpaka mama akaniuliza kama ni mtihani wa taifa.

KUHESABU MIKWAJU

Shida ya mpira, ukiilinganisha na michezo kama mpira wa vikapu, ni kwamba mabao ni machache. Katika mechi 14 sisi tulifungwa mabao 17. Upepo ukivuma, refa akikosea au mpira ukigonga jiwe, hesabu yote inapinduka. Ndiyo maana wataalamu waliacha kutazama mabao peke yake wakaanza kutazama mikwaju, kwa kuwa mikwaju ni mingi.

Wao huenda mbali zaidi. Kila mkwaju huupa thamani kulingana na mahali ulipopigwa. Wametazama maelfu ya mikwaju ya zamani wakajua ni mingapi huingia. Penalti huhesabiwa karibu robo tatu ya bao, kwa kuwa katika kila penalti 4 takriban 3 huingia. Mkwaju wa kutoka mbali sana hupewa sehemu ndogo tu ya bao, hata kama mpigaji ni shujaa wako. Ukijumlisha sehemu hizo unapata mabao ambayo timu ilistahili kutarajia, hata kama kipa alidaka yote. Mchezaji naye anaweza kupimwa: je, timu yake hutengeneza nafasi nzuri zaidi, au huruhusu chache zaidi, anapokuwa uwanjani?

Mimi sina kompyuta wala kamera. Lakini nina nukta. Tangu mechi ya kwanza, kwa kuchoka tu kukaa, nilikuwa nikitia nukta moja ndogo kila mpinzani alipopiga mkwaju akiwa ndani ya kijisanduku chetu. Sikujua zitanifaa. Na uzuri wa nukta ni huu: kipa anaweza kuudaka mkwaju lakini hawezi kuufuta, umekwisha kupigwa. Kwa hiyo kidole cha kipa hakikunisumbua tena.

Nikahesabu nukta za zile timu 3 tulizokutana nazo mara mbili. Namba sita akiwepo: 5, 4 na 6, jumla 15. Asipokuwepo: 9, 7 na 10, jumla 26. Timu zile zile. Na katika zile mechi 2 nyingine alizokosa, dhidi ya wapinzani wa kawaida, tulipigiwa 6 na 6, ilhali akiwepo wastani wetu kwa mechi zote 9 ulikuwa 4.

Hata hivyo nukta nazo zina mtego. Mtu wa kwanza kusifika kwa kazi hii ya daftari alikuwa Mwingereza Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga, aliyeanza kuandika mwendo wa mpira kwa penseli akitazama mechi ya Swindon Town tarehe 18 Machi 1950. Aliandika mechi zaidi ya 2,000 maishani mwake. Akaona kwamba mabao mengi hutokana na pasi 3 au chini ya hapo, akahimiza timu zipige mipira mirefu mbele haraka. Kosa lake lilikuwa wapi? Sehemu kubwa ya mashambulizi yote, yanayozaa bao na yasiyozaa, huishia kwenye pasi 3 au chini ya hapo. Ni kama mtu aje shuleni kwetu, aone kwamba wengi waliofaulu mtihani huja kwa miguu, aseme kutembea kunaongeza akili. Kumbe shule ni ya kutwa, na waliofeli pia huja kwa miguu!

SIKU YA ORODHA

Ijumaa nilimpa mwalimu wa michezo ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeandika: "Namba sita akicheza, wapinzani wanapiga mikwaju michache ndani ya kijisanduku, hata timu zikiwa zile zile. Mechi ni chache. Sikuandika zipi zilikuwa nyumbani na zipi ugenini. Nadhani anatusaidia, lakini siwezi kusema kwa pointi ngapi."

Mwalimu akausoma mara mbili. "Angalau hujanidanganya," akasema, na akaliandika jina la namba sita. La 18.

Mimi nilitoka ofisini nikiruka. Sikukumbuka kwamba orodha ya watu 18 ni kama kiti cha matatu: mmoja akiingia, mwingine anashuka. Aliyeshuka ni straika wa pili. Nyuma ya ukurasa wangu nilikuwa nimenakili ile hesabu ya uzito wa mabao, pamoja na sifuri yenye mstari. Hakuna aliyekuwa ameniomba. Niliiweka mwenyewe ili nionekane mjuzi.

Straika wa pili ni mwenzangu darasani, deski letu ni moja. Wiki mbili hatukusemezana.

Mashindano yakafika. Mechi mbili za kwanza tulishinda bila kufungwa, na namba sita alicheza kama askari wa zamu. Nusu fainali, wapinzani wakatufunga kwa kona dakika za mwanzo. Baada ya hapo katikati hapakupitika. Siku nzima nilitia nukta 3 tu. Lakini tulihitaji bao na bao halikuja. Straika wetu wa kwanza alikabwa na watu wawili mpaka kipenga cha mwisho. Tukatolewa 1-0.

Straika wa pili alikuwa amesimama nyuma ya benchi, amevaa sare ya shule. Akainama akachungulia daftari langu.

"Karani," akaniuliza, "hapo kuna mahali pa kuandika mtu ambaye hakucheza?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nililifungua daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, na nikaona jambo ambalo lilinitia aibu. Nukta zangu zote zilikuwa za langoni petu. Mechi 14, na sikuwa nimetia hata nukta moja ya mkwaju wa upande wetu. Huenda straika wa pili alipoingia mabeki walimfuata, yule wa kwanza akapata nafasi. Huenda hapana. Daftari halingeweza kusema, kwa sababu sikuliuliza. Nilikuwa nimetengeneza mizani yenye sahani moja, nikamweka rafiki yangu juu yake, nikashangilia jinsi alivyo mzito. Na sifuri ile haikuwa ya mchezaji. Ilikuwa yangu.

MAFUNZO KWA KARANI ATAKAYENIFUATA

Mwaka ujao nitakuwa Kidato cha Nne na mtu mwingine atalichukua benchi langu. Namwachia haya.

Kwanza, usiidharau hesabu ya mabao, lakini usiiache peke yake. Pili, kila bao ulize limeleta pointi ngapi, ila usisahau kwamba mfungaji hachagui afunge siku ya 6-0 au siku ya 1-0. Tatu, ukilinganisha mechi za kuwepo na kutokuwepo, uliza wapinzani walikuwa nani na nani mwingine alikosa. Nne, vitu vingi vinavyojirudia, kama mikwaju, hukwambia ukweli mapema kuliko vitu vichache kama mabao. Tano, na hili ndilo lililonigharimu: kabla ya kumwandikia mtu sifuri, hakikisha daftari lako lina safu ya kuandikia kazi anayoifanya. Kazi isiyo na safu yake daima itaonekana sifuri.

Nambari zilimsaidia namba sita, na nafurahi. Mwalimu angemwacha kwa kuwa macho yake yalizoea kumtafuta mfungaji. Nambari zile zile zilimwonea mwingine, kwa kuwa mwenye peni alikuwa na upande. Mwenye peni hachezi, lakini anaweza kumtoa mtu uwanjani.

Nilimwendea straika wa pili nikamwomba radhi. Hakusema mengi. Aliniambia nimnunulie mandazi mawili, nikanunua matatu. Sasa daftari langu lina kurasa mbili kwa kila mechi: nukta za langoni petu kushoto, nukta za langoni pao kulia, na juu kabisa naandika ni nyumbani au ugenini. Yeye ndiye anayenikumbusha nikisahau.

Mpenzi msomaji, huenda wewe si mtu wa mpira. Lakini kila darasa lina namba sita wake: anayefuta ubao, anayemweleza mwenzake swali la Fizikia, anayewatuliza wawili wanaotaka kupigana. Majina yao hayatangazwi siku ya zawadi. Ukipewa peni ya kuwapima watu, anza kwa kuwatafuta hao.

Kalamu naiweka chini. Wahi uwanjani, kipenga kinakaribia kulia.